Vidonge Vilikuwa Vizima

Dada Felista,

Mara ya mwisho tuliposemezana nilikukatia simu. Ulikuwa katikati ya sentensi. Ulisema, "Beno, watu wanameza mara mbili kwa sababu yako, na..." nami nikabonyeza kile kitufe chekundu, nikarudi kwenye chai yangu. Sijui baada ya hiyo "na" kulikuwa na nini. Tangu tukuzike najaribu kuimalizia sentensi yako, na kila nikiimalizia inanihukumu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, nyumbani Matombo, mkono wako juu ya mkono wangu, sakafuni, kwa mkaa. Baadaye, nilipoanza kusomwa na watu, ulikuwa ukisema kwamba ninaandika kama mtu anayegombana na mlango. Nilidhani ni sifa. Acha nikueleze kwa utaratibu nilichokifanya, ingawa unakijua, kwa sababu sijawahi kukisema chote kwa mpigo bila kujitetea katikati.

Ulikuwa umestaafu kazi yako ya ufundi sanifu wa maabara, lakini shule ilikuachia ufunguo. Watu wa mjini Morogoro walidhani unakwenda kufuta vumbi kwenye chupa. Mimi nilijua unakwenda kupima vidonge vya maumivu. Ulivitoa kwa Shomari, kule juu kwetu, kwenye duka lililo pale njia ya miguu inapoanza kuteremka kuelekea barabarani. Wanawake wanaoshusha ndizi wanapita hapo na mikungu kichwani. Wanatua, wanakunywa maji, wanasema, "Shomari, nipe tatu-tatu." Naye anawafungia kwenye karatasi ya daftari vidonge vitatu: chekundu cha mgongo, cheupe cha kichwa, na kile cha rangi mbili cha viungo. Wanameza vyote hapohapo, wanatwikwa tena, wanashuka. Jioni wakirudi wanameza vingine. Siku mzigo ukiwa mbaya, na mchana pia.

Na walikuwa wakilalamika. Ulinisimulia wewe mwenyewe, ukimwigiza yule mama mwenye sauti ya kukwaruza: "Siku hizi vidonge havina kitu, mwanangu. Zamani kimoja kilitosha mpaka Jumapili." Mtu mwingine angesema ndiyo, akapita. Wewe ulinunua tatu-tatu kumi, ukaziweka kwenye bahasha, ukashuka nazo mjini kwenda kuziuliza.

Nilipenda kukutazama ukifanya kazi ile, ingawa sikukuambia. Unasaga kidonge kwenye kinu kidogo cheupe, unayeyusha unga, unachuja, unatia kwenye maji yenye uchachu uliopimwa. Halafu penseli. Penseli ya mtoto wa shule! Unaivua mti kwa wembe mpaka ule moyo mweusi ubaki uchi, unasugua ncha kwenye karatasi safi, unafunga uzi kuonyesha mwisho wa kuzama, ili kila moja izame sawa na mwenzake. Pembeni yake waya wa fedha, na kijiti cheusi ulichokitoa kwenye betri kuukuu ya tochi. Vyote vitatu vinaunganishwa na kile kimashine ulichotengenezewa na mwanafunzi wako wa zamani, hakizidi kiberiti kwa ukubwa, na kimashine kinaunganishwa na kompyuta. Unapandisha umeme kidogokidogo, na dawa iliyomo majini ikifikiwa na kiwango chake, inaachia umeme wake, na kwenye kioo panainuka kilima.

"Kila dawa ina mahali pake pa kusimama," uliniambia. "Mahali ni jina, urefu ni kiasi. Basi. Hakuna siasa humo."

Ulijua utanichokoza, na ulinichokoza.

Sasa ile siku ya picha. Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati, ukapandisha sauti. Ulikuwa umepima kile chekundu mara tatu mfululizo. Kilima cha kwanza kirefu, cha pili kifupi kidogo, cha tatu kifupi zaidi, kama nusu ya kile cha kwanza. Mimi nilikuwa nimeingia pale cha tatu kinapochorwa. Nikauliza kwa nini ni kifupi hivyo. Ukasema, bila kugeuka, "Penseli imechoka. Dawa inaacha utando pale nchani, inaziba. Ngoja nichonge nyingine."

Nilikwisha kutoa simu. Nikapiga picha: kioo, kilima kifupi, na mkono wako kando yake umeshika penseli, pete yako ikionekana.

Nimewasikia watu wakinitetea, dada. Wanasema, mwandishi si mkemia, angejuaje? Nataka usikie kutoka kwangu. Nilikusikia. Mvua haikunizuia kusikia. Neno "imechoka" nililisikia vizuri kama ninavyosikia sasa majogoo ya jirani. Nilikaa palepale ukachonga penseli mpya, ukapima tena, na kilima kikasimama kirefu, kamili, kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Ukafanya vile kwa kidonge cheupe na kwa kile cha rangi mbili, kila kimoja na penseli yake mpya. Vizima. Vyote vizima.

Halafu ukafanya lile jambo zuri, ambalo ningekuwa mwandishi wa kweli ningeliandika hilo tu. Ulichukua parasetamoli safi, ile ya chupa ya maabara, ukadondosha tone ndani ya maji ya kile chekundu. Kilima kilekile kikapanda. Hakikuzaliwa kingine pembeni. Ukadondosha kwenye cheupe: kilekile kikapanda. Kwenye cha rangi mbili: kilekile. Kile chekundu kilikuwa pia na kilima kidogo cha kafeini, mbali kule kulia, na cha rangi mbili kilikuwa na kitu chake cha viungo, lakini kilima kikubwa kilikuwa kimoja kwa vyote vitatu.

"Umeona?" ukasema. "Majina matatu, maboksi matatu, dawa moja. Mama wa watu anadhani amemeza dawa tatu, kumbe amemeza moja mara tatu. Na hii ikizidi, Beno, inakula ini. Haina kelele. Inakula tu."

Ukaniomba kitu. Ulikuwa huniombi vitu. Ukasema, "Niandikie karatasi ya kubandika kwa Shomari. Maneno ishirini. Na usimtukane mtu."

Nikacheka. Nikakujibu kwamba salamu peke yake hunichukua maneno arobaini. Ukacheka na wewe. Nikaondoka na mwavuli wako.

Sikuandika karatasi. Niliandika waraka, na nikauita "Vidonge vya Chokaa". Nilikuwa nimesoma kabati zima la vitabu juu ya namna bara hili linavyouziwa makombo kwa bei ya karamu, na nilikuwa nikisubiri ushahidi kwa miaka. Ushahidi ulipokuja ukinipinga, nilichukua ule uliochoka kwa sababu ulikubaliana nami. Niliweka picha juu kabisa. Niliandika kwamba vidonge wanavyouziwa mama zetu wa Uluguru ni nusu dawa na nusu vumbi. Ulikuwa waraka mtamu. Ulizunguka kwenye magrupu ya wasapu kutoka Kisaki mpaka Ngerengere, watu nisiowajua wakanitumia mikono ya pongezi. Nilitarajia hasira. Nilitarajia watu wainuke, wadai, wamkabe mtu koo.

Watu hawakumkaba mtu. Walifanya hesabu. Kama kidonge ni nusu, meza viwili. Ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu, na mimi niliyesoma kabati zima sikuiona. Mwajuma ndiye aliyekuwa wa kwanza, Shomari alinieleza. Mwajuma, mtani wetu, yule anayebeba mikungu miwili huku anaimba. Alitua mzigo, akasema, "Shomari, mwandishi wetu kasema ni nusu. Basi nifungie sita, leo nataka kizima." Wote pale wakacheka, wakaomba sita.

Ulipopata habari ulipanda mlimani, na magoti yako yale. Nyumba kwa nyumba. Nimesimuliwa walivyokujibu. "Felista, mdogo wako msomi ameandika, na picha iko. Huo si mkono wako? Si pete yako hiyo? Unabishana na mkono wako mwenyewe?" Nilikuibia mkono, dada, nikautumia kutoa ushahidi dhidi yako, na wewe ukashuka mlima ule ukiwa mwongo mbele ya watu waliokujua tangu unanyonya.

Kisha macho ya Mwajuma yakawa manjano. Ulinipigia kutoka wodini alikolazwa. Uliniambia daktari amesema ini, na kwamba huenda atapona, na kwamba niandike leo, sasa hivi, kwamba nilikosea. Nami nikakujibu kile nilichokujibu. Nikasema siwezi kuwajibika kwa kila mtu asiyejua kusoma.

"Wanajua kusoma, Beno," ukasema. "Tatizo ni kwamba wamekusoma wewe."

Kesho yake ulipiga tena, ndipo nikakata. Baada ya hapo hukupiga. Wiki mbili hazikupita, mlinzi wa shule akakukuta sakafuni, karibu na meza yako. Kiharusi. Hukusema neno tena, wala kwangu wala kwa mtu.

Tulikupandisha Matombo. Sasa sikiliza ya mazishi yako, maana hakuna aliyekusimulia, na najua ungeyapenda.

Watani walikuja wengi. Walifanya yao yote: mmoja alivaa koti lako la maabara akawa anapima uji wa msibani kwa penseli, akionja na kutikisa kichwa, "Huu una maji, Felista asingekubali." Waombolezaji walicheka mpaka wakalia upya. Kisha tukanyanyua jeneza, na tulipofika njia panda ya makaburini, Mwajuma akaja mbele, ametoka wodini siku chache tu, mwembamba, kitenge kinamzunguka mara mbili. Akatandika mkeka katikati ya njia. Akalala.

"Hapiti mtu," akasema. "Mpaka mwandishi aniambie. Hili sanduku limejaa au ni nusu?"

Watu wakaangua kicheko. Unajua mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuvua nguo mbele ya maiti ya mama yako, ukamwambia asante. Nilikuwa nimeshika jeneza upande wa mbele, kulia. Alikuwa ananitazama kutoka chini, na macho yake yalikuwa bado na ule umanjano pembeni, na hakuwa anacheka.

"Sema, shemeji wa vitabu! Umekuwa bubu? Ni zima, au nikalete dada mwingine tujazie?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu. Mimi niliyewahi kumjibu mkubwa mmoja mkutanoni mpaka akazimiwa kipaza sauti. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na yalikuwa ndiyo maneno uliyoyataka, na watu wote waliokuita mwongo walikuwa wamesimama pale, wametega masikio. Singeweza kupewa jukwaa bora kuliko lile. Mjomba akasubiri. Watu wakasubiri. Kicheko kikaisha. Bega langu likaanza kuuma kwa uzito wako.

Sikusema. Mjomba, kwa aibu, akarusha sarafu mkekani kama mila inavyotaka, na Mwajuma, kama mila inavyotaka, akaziokota, akakunja mkeka, akatupisha. Aliponipita akasema kwa sauti ya chini, "Pole kwa msiba, ndugu yangu." Hilo ndilo lililoniumiza. Hapo hakuwa anatania.

Tangu hapo yamebadilika machache. Ufunguo nimeurudisha shuleni. Walinipa vitu vyako kwenye boksi: wembe, uzi, penseli nyingi fupifupi kama vidole vya mtoto, na daftari. Nimelisoma. Kila kilima umekichora kwa mkono, na kando yake umeandika "penseli mpya". Kwenye ukurasa wa siku ile ya mvua, pembeni mwa kile kifupi, umeandika: "Imechoka. Si ya kuhesabu. B. kapiga picha, nimkumbushe afute." Hukunikumbusha. Ulidhani sihitaji kukumbushwa. Katika yote, dada, hilo ndilo linaloniamsha nikiwa nimelala: kwamba uliniamini.

Na jambo jingine, nalisema kwa uchungu wa kazi yangu. Ukweli wako ulikuwa na hasira kuliko uongo wangu. Nilikuwa natafuta mwizi ndani ya kidonge, na kidonge kilikuwa kizima. Kama kidonge ni kizima na mama bado anaumwa, basi swali liko kwenye ule mkungu. Ni kwa nini mwanamke wa miaka sitini anashusha ndizi kwa shingo yake, mwaka baada ya mwaka, na barabara inaishia kule chini kwenye magari, wakati waheshimiwa wanapanda kila msimu wa kura kula zile ndizi na kusifu hali ya hewa? Hapo ndipo pa kupiga kelele. Ulinipa mkononi, kwa vilima vitatu vilivyonyooka, nami nikakimbilia kilichopinda kwa sababu kilikuwa na picha nzuri.

Nimefuta waraka, lakini unajua kufuta siku hizi hakufuti. Nimeandika mwingine wa kukiri. Umesomwa na wachache, na nusu yao wameniandikia kwamba wananionea huruma, wakidhani nimetishwa.

Basi Jumamosi iliyopita, siku ya gulio, nilipanda kwa Shomari. Nilibandika karatasi yako kwenye nguzo ya duka. Imesema hivi: "Vidonge hivi vitatu vina dawa moja. Ni vizima. Meza aina moja tu. Niliposema ni nusu, nilisema uongo. Mimi, Beno." Halafu nikasimama chini yake nikaisoma kwa sauti, mara moja kwa kila kundi lililotua mizigo.

Unadhani walinipongeza? "Kampuni zimekupa ngapi, kaka?" akauliza mmoja. Mwingine akasema, "Juzi chokaa, leo dawa. Kesho atatuambia ni maziwa." Shomari hakuniangalia. Aliendelea kukunja karatasi zake. "Mteja akiniomba sita," akasema, "nimpe ngapi? Nimfundishe hesabu?" Mwajuma alikuwa pale, amekaa kwenye kigogo. Habebi tena, anauza karanga. Nikamwambia mbele ya wote kile ambacho sikusema makaburini. Nikasema, "Vilikuwa vizima, Mwajuma. Dada alisema kweli, mimi nilidanganya." Alitafuna karanga yake mpaka ikaisha.

"Uongo ulitutumia kwa simu," akasema. "Kweli ndiyo unatuletea kwa miguu? Haya, tembea."

Wakacheka, na safari hii nilijua kwamba nimepewa adhabu yangu na kwamba ni ya haki.

Halafu akaja yule mama mwenye sauti ya kukwaruza, uliyekuwa ukimwigiza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Alisikiliza karatasi yote mpaka mwisho, kwa adabu, mkono umeshika kiuno. Aliposhusha mkungu shingo yake ilibaki imeinama vilevile, kama mzigo ungali juu. Akanyoosha mkono kwa Shomari. Akapewa sita. Akaviweka vyote mdomoni kwa pamoja, akinitazama machoni, akashushia na maji. "Asante kwa kusoma, baba," akasema. "Lakini mimi nashuka sasa hivi." Wenzake wakamtwika, akaenda.

Sina karatasi ya kumjibu yule mama, dada. Nimeitafuta wiki nzima. Maneno yako ni ya kweli na hayakumzuia, na yangu ya uongo yalimwongezea vitatu.

Pumzika, Felista wangu. Sikuombi msamaha, ungesema nisikusumbue, nikafanye kazi. Jumamosi zote nilizobakiza nitakuwa pale kwa Shomari, wakinizomea wanizomee. Na hii ijayo nitapanda Ijumaa, nilale kwa mjomba, asubuhi nimwahi yule mama kabla hajatua. Nina miaka hamsini na mbili na shingo ya mtu wa mezani. Nitainama mbele yake, nimwombe ule mkungu anitwike mimi.

Mdogo wako,
Beno